Usiulize pikipiki, uliza betri

Hotuba hii niliitoa Jumamosi mbele ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa hapa Kirumba, Mwanza, pamoja na vijana wa vijiwe vya jirani. Wengi siku hiyo walikuwa ziwani au sokoni, wakaniomba niwaandikie. Ni hii hapa yote.

Ndugu mwenyekiti, mama zangu, kaka zangu, na nyinyi wanangu wa bodaboda mliokubali kupoteza vichwa viwili vitatu vya asubuhi ili mkae na sisi: mwangaluka!

Mwenyekiti ameniomba nizungumzie pikipiki ya umeme, maana kila anayepita nyumbani kwangu anaiona pale uani, na kila anayeiona ana swali. Swali lenyewe ni moja: "Mama, inakwenda kilomita ngapi?" Wanangu, hilo si swali la kwanza. Nilianza nalo mimi, na likanichelewesha miezi minne.

Mimi si fundi, wala si muuzaji wa pikipiki, na hakuna anayenilipa kamisheni. Nauza dagaa pale Mwaloni, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Nilichonacho ni daftari. Kila kitu kinachotumia umeme nyumbani kwangu nimekipima kwa mita ya LUKU. Nazima vingine vyote, naandika namba kabla, naandika namba baada. Jiko la presha la umeme nimelipima: maharage ya watu wanane hayamalizi uniti moja. Pasi nimeipima, friji nimelipima. Kwa hiyo nilipotaka kumnunulia mwanangu pikipiki ya umeme, nilidhani nitapima tu kama nilivyozoea.

Nikaenda kwa muuzaji mmoja, simtaji. Pikipiki ilikuwa inang'aa, kijana anazungumza vizuri. "Mama, hii ni kilomita mia na hamsini kwa chaji moja." Nikamuuliza, akiwa na abiria? "Ndiyo, mama." Akipanda kilima cha Bugando? "Ndiyo, mama." Kila nilichouliza kilikuwa ndiyo. Nikarudi nyumbani na furaha yangu, lakini usiku sikulala, kwa sababu ninyi mnajua, mteja akikwambia ndiyo kwa kila bei, ujue hana hela.

Kesho yake nikarudi. Safari hii sikumuuliza pikipiki. Nilimwambia afungue kiti nione betri. Betri ina lebo. Kwenye lebo kuna namba mbili za kutafuta: volti, na amp-saa, ile inayoandikwa Ah. Yake ilisema volti 72, Ah 40. Nikatoa simu nikazidisha. Sabini na mbili mara arobaini ni 2,880. Hizo ni wati-saa. Gawanya kwa 1,000, unapata 2.88.

2.88 ya nini? Mama zangu, nani hapa hajui uniti ya LUKU? Ile uniti unayonunua kwa simu, ukaiingiza kwenye mita usiku huku mtoto anakumulikia, ndiyo hiyo hiyo kilowati-saa. Kumbe betri ile inabeba uniti tatu kasoro. Basi! Siri yote ya pikipiki ya umeme imekaa kwenye lugha tunayoizungumza kila siku, wala hatukuwa na habari.

Sasa rudini kwa yule kijana na kilomita zake mia na hamsini. Pikipiki yenye dereva na abiria hula kama wati-saa 35 kwa kilomita moja, na mlimani huzidi. Uniti 2.88 zinakupeleka kilomita themanini hivi. Hiyo mia na hamsini ingetoka wapi? Ingetoka kwa dereva mmoja mwembamba, barabara tambarare, anakwenda polepole, hana mzigo. Mwanza ipi hiyo isiyo na mlima?

Mwishowe nikanunua kwa mwingine, aliyeniambia kilomita 80 na akanionyesha lebo, yenye namba zile zile 72 na 40, kabla sijaiomba. Mwanangu akaizungusha siku sita, Kirumba, Nyegezi, Buzuruga, Igoma, na nilimwagiza apande Bugando makusudi. Siku za tambarare alipata 80. Siku ya milima alipata 68. Kwenye mita, kuijaza kutoka karibu na sifuri kulikula uniti 3.3, si 2.88, kwa sababu chaja nayo inapoteza. Iguse ikiwa kazini utaikuta ya moto. Ule moto umeulipia.

Tufanye hesabu ya sokoni. Uniti 3.3 kwa bei ninayonunulia mimi, shilingi 356 hivi kwa uniti, ni kama 1,175. Pikipiki yake ya zamani ya petroli, kwa kilomita hizo hizo 80, ilikunywa lita mbili, na wiki ile lita sheli ilikuwa inakaribia 3,000. Elfu sita upande huu, elfu moja na mia mbili upande ule. Nilirudia hesabu mara tatu nikidhani nimekosea nukta.

Kwa nini tofauti iwe kubwa hivyo? Wangapi humu ndani wana kovu la ekzosi kwenye mguu? Inueni mikono, msione haya. Mnaona, nusu ya akina mama. Injini ya petroli, katika kila lita unayoiwekea, kama robo tu ndiyo inayosukuma gurudumu. Kilichobaki chote kinageuka joto, kinatoka kwenye ekzosi na kwenye injini. Ule moto uliokuunguza mguu, mama, ulinunuliwa sheli. Mota ya umeme inapeleka gurudumuni zaidi ya asilimia 80 ya umeme inaopewa. Na ukishuka Bugando, pikipiki nyingine mota inageuka jenereta, inarudisha umeme kidogo kwenye betri. Ni kidogo, usijenge nyumba juu yake, lakini mimi kila nikiona ile namba inapanda wakati tunashuka nafurahi kama mtoto.

Sasa naingia kwenye jambo lililonileta hapa. Msitoke.

Mnajua dagaa wanavyovuliwa. Giza linapoingia wavuvi wanawasha taa, dagaa wanafuata mwanga, wavu unashushwa. Mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi inakaa mwaloni, watu wanashona nyavu. Zamani ilikuwa karabai. Wakubwa mnaikumbuka: mafuta ya taa, pampu, utambi unaong'aa, na sauti ile ya "shiii" ziwa zima. Usiku mmoja mtumbwi ulimaliza mafuta ya taa lita kwa lita. Kisha zikaja taa za LED za betri, na mimi nikaona biashara. Nikachukua mkopo kwenye kikundi hiki hiki, nikanunua betri nane za gari, zile za maji, nikawa nazichaji mchana kwa sola na kuwakodishia wavuvi jioni.

Miezi miwili ya kwanza nilicheka. Mwezi wa tano wavuvi wakaanza kunirudishia usiku wa manane: "Mama, taa imezima." Mwezi wa tisa, betri sita kati ya nane zilikuwa vyuma vya kukalia. Mkopo nilimalizia kulipa kwa dagaa. Nililia, na mwekahazina yupo hapa, ni shahidi.

Niliuziwa betri mbovu? Hapana. Nilinunua betri nzuri kwa kazi isiyo yake. Betri ya kuwashia gari imetengenezwa itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache, kisha ijazwe tena gari likitembea. Mimi nilikuwa naikamua mpaka tone la mwisho kila usiku. Betri ya risasi na asidi ukiizoesha kushuka chini ya nusu, unaiua. Hakuna aliyenidanganya. Sikuuliza betri.

Ndipo nikaanza kusoma. Betri tunayoizungumzia leo ni ya lithiamu, ndugu ya ile iliyo kwenye simu yako. Ilianza kuuzwa mwaka 1991, kampuni ya Sony ya Japani. Mwaka 2019 wanasayansi watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi hiyo. Goodenough alikuwa na miaka 97 siku ya kutangazwa. Babu wa miaka 97! Nawataja makusudi, kwa sababu tunapenda kuamini kwamba vitu hivi vinashuka kutoka mbinguni. Kuna watu walikaa na tatizo moja miaka arobaini.

Bei nayo imeporomoka. Mwaka 2010, betri ya gari la umeme yenye ukubwa wa uniti moja ilikuwa zaidi ya dola 1,000. Mwaka 2024 wastani wa dunia ulikuwa dola 115. Ndiyo maana pikipiki hizi zinaonekana Mwanza leo, na hazikuonekana wakati mimi nanunua betri zangu nane.

Lakini lithiamu nazo si kabila moja. Kuna zenye nikeli na kobalti ndani, ni nyepesi na zinabeba zaidi. Kuna zenye chuma na fosfeti, lebo yake huandikwa LFP au LiFePO4. Hizi ni nzito kidogo, ila zinavumilia joto vizuri zaidi, si rahisi kushika moto, na zinadumu: mizunguko 2,000 na zaidi ya kujaza na kutumia kabla uwezo haujashuka mpaka asilimia 80. Kwa bodaboda ya hapa kwetu mimi naitaka hiyo. Kumbukeni pia kwamba upande mmoja wa karibu betri zote hizi umejaa kinywe, yaani madini ya grafiti, na kinywe kipo Mahenge, Morogoro. Nikeli ipo Kabanga, Ngara, mkoa wa jirani zetu Kagera. Ninapowaambia jambo hili linatuhusu, sisemi kwa kupamba maneno.

Haya, mizunguko 2,000. Hapa ndipo hesabu ya wauzaji wote inapokatika, kwa hiyo sikilizeni. Tuseme betri mpya ni milioni moja na nusu. Gawanya kwa mizunguko 2,000: shilingi 750. Kila unapoijaza umekula shilingi 750 ya betri, uone usione. Ongeza kwenye ile 1,175 ya LUKU, unapata 1,925. Bado uko mbali sana chini ya elfu sita ya petroli. Lakini ile 750 lazima uitoe kila siku uiweke, na mahali pa kuiweka ni hapa hapa kikundini. Usipoiweka, mwaka wa tano betri itachoka, utasema umeme ni utapeli, kumbe ulikula mtaji ukidhani ni faida.

Wanangu wa kijiweni, nyinyi wengi mnaendesha pikipiki za mkataba. Unapeleka hesabu kila siku, mwaka na kitu, kisha chombo kinakuwa chako. Ya petroli mnaijua. Ya umeme, kabla hujasaini, uliza: mwisho wa mkataba, betri inakuwa ya nani? Kuna mikataba pikipiki inakuwa yako na betri inabaki ya kampuni. Unabadilisha kwenye kituo chao, unatoa iliyoisha unachukua iliyojaa, dakika chache umeondoka. Ni kama mtungi wa gesi. Mfumo huo si mbaya, kuchoka kwa betri kunakuwa mzigo wao. Lakini tofauti na kitu unachoweza kujaza popote, betri ya kampuni hii haiingii kwenye pikipiki ya kampuni ile. Kituo kikifungwa, una nini mkononi? Una fremu na magurudumu mawili. Mimi nilinunua pamoja na betri kwa sababu mwanangu analala nyumbani na umeme upo. Kijana aliyepanga chumba, mita wanachangia wapangaji sita, huyo labda kubadilisha kunamfaa kuliko kuchaji, na atapunguza ugomvi na mwenye nyumba.

Na hapo hapo kwenye mita kuna shimo ambalo nusura niingie. Baadhi yenu mnanunua umeme kwa bei ya matumizi madogo, ile ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, shilingi 122 hivi kwa uniti. Mtu akasema, vizuri, nitachajia hapo, nitatajirika. Piga hesabu. Bodaboda wa kilomita 120 kwa siku anakula uniti tano. Siku ishirini na sita ni uniti 130, na hujapika, hujawasha taa. Utazidi 75, na utaondolewa kwenye ile bei nafuu, nyumba nzima pamoja na pikipiki. Kwa hiyo hesabu zako zote zifanye kwa bei kubwa. Zikikubali hapo, zimekubali kweli.

Sasa lile swali la mzee wetu aliyekaa pale nyuma, alilonipa mlangoni: "Umeme wenyewe upo?" Mzee, sitakukwepa. Mwezi wa tatu tangu tununue, usiku mmoja umeme ulikatika saa tano, betri ikiwa asilimia 12. Mwanangu alikaa mpaka saa nne asubuhi anaangalia wenzake wanabeba wanafunzi na wagonjwa. Asubuhi nzima ilipotea, na ya petroli ingekwenda sheli tu.

Tulichofanya ni kubadilisha mazoea. Hangoji tena usiku. Saa sita hadi saa nane mchana, wakati abiria ni wachache na jua ni kali, anakula nyumbani na kuchaji. Usiku anamalizia. Umeme ukikatika sasa unamkuta na nusu ya tangi, kama mngesema. Na napiga mahesabu ya sola: paneli nne za wati 400, kwa jua letu hili, zinaweza kunipa uniti sita hivi kwa siku nzuri. Masika sizitegemei.

Kuhusu nchi nzima, bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa, megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115. Mtambo wa kwanza uliingia kazini mapema mwaka 2024, na mwaka uliofuata yote tisa ikawa tayari. Jirani zetu Shinyanga, Kishapu, kumejengwa umeme wa jua. Treni ya Dar es Salaam na Dodoma inakwenda kwa umeme tangu 2024. Kuzalisha si lile tatizo la zamani. Tatizo tunalolihisi sisi liko kwenye nguzo na transfoma ya mtaa. Mtaa wetu wakichaji pikipiki arobaini saa mbili usiku, wakati kila nyumba inapika na kuangalia taarifa ya habari, transfoma ile ile itastahimili? Hilo nataka kikundi tulipeleke TANESCO mapema, kwa barua, tukiwa na idadi yetu mkononi, si baada ya transfoma kulipuka.

Majirani hawangoji. Ethiopia mwaka 2024 ilizuia kuingiza magari ya petroli na dizeli, kwa sababu umeme wa maji wanao na mafuta wananunua kwa dola. Kigali nayo imeamua bodaboda mpya zinazosajiliwa ziwe za umeme. Kigali, wanangu, si mbali na hapa.

Kaka mmoja ameniuliza kuhusu magari ya umeme, zile Nissan Leaf zilizotumika Japani. Kwa kifupi: ile ya mwanzo ilikuwa na betri ya uniti 24, na haina mfumo wa kupoza betri kwa maji. Washa gari, tazama pembeni ya geji ya chaji, kuna vijiti vyembamba 12 vya afya ya betri. Kikipungua kimoja cha kwanza, betri imeshapoteza kama asilimia 15. Ukikuta vinane, rangi isikudanganye, wala viti vya ngozi.

Na mafundi wetu, nawaona mmenuna. Kweli, hakuna oili ya kumwaga, hakuna plagi wala kabureta. Breki zipo, matairi yapo, beringi zipo, na waya zipo nyingi kuliko zamani. Mwanangu alipopata hitilafu ya waya, tulimtafuta fundi mwenye multimita, kile kipimo cha umeme, wilaya nzima kwa siku mbili. Siku mbili! Anayeanza kujifunza mwezi huu atakuwa na foleni.

Mambo mawili ya haraka, kisha tutoke nje. Usichajie chumbani mnakolala, wala mlangoni ambako ndiyo njia ya kutokea. Na acheni kuzipeleka kuoshwa kwa mashine ya presha kule ziwani. Betri imezibwa vizuri, lakini soketi ya chaji haikuumbwa kwa mkondo ule.

Pikipiki iko chini ya mwembe. Nimekuja pia na mizani yangu ya dagaa, mnaijua haidanganyi. Betri za LFP, kila kilo hubeba wati-saa mia moja na kitu, zikizidi sana mia na thelathini. Yangu inadai 2,880, kwa hiyo lazima iwe kati ya kilo 22 na 29. Mtu akikuletea ya kilo 14 yenye lebo hiyo hiyo, lebo imebandikwa na mwongo. Vijana wawili wenye nguvu wanifuate, tuichomoe tuipandishe kwenye mizani, na mwekahazina aje na daftari.